Jino lenye kofia bado linaoza

Nilikuwa nimekaa barazani kwa shangazi, Tanga, kahawa mkononi na kipande cha halua mdomoni, nikasikia kitu kimeachia. Nikakitema kiganjani. Ilikuwa kofia ya gego langu la chini, yaani kile kifuniko kigumu cha kufunika jino lililoharibika, niliyovalishwa miaka 7 nyuma. Kwa ndani ina uwazi kama kastabini ya fundi cherehani, na humo mlikuwa na uchafu laini wa kahawia unaonuka. Maumivu sikuwa nayo hata kidogo. Kesho yake daktari alipiga picha, akanionyesha kivuli kilichoshuka mpaka chini ya ufizi, akasema halijabaki jino la kushika kofia nyingine. Likang'olewa wiki hiyohiyo.

Nawaandikia hasa mliotoka kuvalishwa kofia juzijuzi. Siku niliyovalishwa ile ya kwanza niliambiwa tu kwamba kazi imekwisha, nami nikaamini jino lile limeshakuwa chuma. Hakuna aliyeniambia kwamba kofia haiozi, lakini jino lililo chini yake linaoza kama jino lingine lolote.

Gego lililotoboka sana, hasa likishasafishwa mizizi, hubaki na kuta nyembamba, na ukiuma kitu kigumu linaweza kupasuka hadi kwenye mzizi. Ndiyo maana daktari hulichonga pande zote, milimita 1 hadi 2 hivi, akalifunika lote. Kofia yenyewe huwa ya chuma, au ya kauri juu ya chuma, au ya zirkonia (aina ya kauri ngumu sana), na hugandishwa kwa saruji maalumu. Sasa angalia pale inapoishia, kwenye mpaka wake na jino, karibu kabisa na ufizi. Hapo ndipo chakula kinapojishika na ndipo uozo unapoingilia. Na jino lililosafishwa mizizi halina tena mshipa wa fahamu, kwa hiyo halitakuamsha usiku kukupa habari. Mimi nililipiga mswaki harakaharaka miaka yote ile kwa kuwa haliniumi.

Leo nina kofia nyingine, upande wa kushoto, na hii nailea. Mswaki wangu ni laini. Naulaza kidogo ili nyuzi zake ziguse ule mpaka na ufizi kwa pamoja, nasugua taratibu, nje na ndani, na upande wa ulimi siuruki kwa sababu ndiko daktari alikokuta uchafu mwingi. Dawa ni yenye floraidi. Nikimaliza natema tu povu, sisukutui kwa maji mengi, ili dawa ibaki kwenye meno. Kisha uzi wa meno kila usiku: naupitisha kati ya gego na jirani yake, naukunja ukumbatie jino, naushusha hadi ukingoni mwa ufizi, napandisha. Mwanzoni ufizi ulitoka damu kidogo, nikaendelea, na baada ya siku chache ikakoma.

Wale wenye kofia ya muda, ile ya kukaa nayo wiki mbili hivi mkisubiri ya kudumu, msiuvute uzi kwenda juu. Uchomoeni kwa pembeni, la sivyo mtatoka na kofia. Halua, chingamu na tofi viwekeni kando mpaka hapo.

Kuvunja mifupa, kutafuna barafu na kufungua soda kwa meno nimeacha kabisa, maana kauri hupasuka. Anayesaga meno usingizini amwambie daktari, atatengenezewa kinga ya kuvaa usiku.

Jambo ambalo watu hulivumilia bure: ukivalishwa kofia ukaona inatangulia kugusana kuliko meno mengine, usisubiri uizoee. Rudi ipunguzwe. Kuisaga kidogo ni kazi ya dakika chache, na ukiiacha juu utaumia kila unapotafuna.

Ikitoka, ioshe, iweke kwenye kikopo kisafi, uende kwa daktari upesi. Mara nyingine jino likiwa zima huigandisha ileile. Tafadhali usiibandike kwa gundi ya viatu au ya dukani. Gundi hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya mdomo, na chini yake unafungia uchafu.

Na kila unapopitisha uzi kwenye jino hilo, unuse. Uzi ukitoa harufu mbaya mahali hapohapo siku baada ya siku, au ukikwama na kuchanika ukingoni, huenda saruji imeachia na uozo umeanza. Nenda kwa daktari akupige picha hata kama huumwi. Gego langu la kulia lilikuwa likinuka hivyo karibu mwaka mzima kabla ya ile siku ya Tanga, na mimi nilidhani ni vitunguu.