Jibu: Kisu cha Marekani chenye chuma cha Japani

Mkuu, umeuliza kama mtengenezaji wa Marekani anayekata na kunoa visu kwake, ila bamba la chuma analiagiza Japani, anaruhusiwa kuchonga "Made in USA" kwenye ubapa. Hivyo hivyo bila maelezo, mimi nisingethubutu.

FTC, tume inayolinda walaji kule, inataka bidhaa iwe ya Marekani yote au karibu yote: hatua ya mwisho ya utengenezaji, kazi zote kubwa, na vipuri karibu vyote. Kanuni hiyo ina nguvu tangu Agosti 2021, na faini inaweza kupita dola 50,000 kwa kila kosa. Skrubu moja ya kigeni pengine haitamsumbua mtu. Lakini kwenye kisu, chuma ndiyo bidhaa yenyewe! Chuma kama VG-10 cha Japani ndicho kinachomvuta mnunuzi, hata bei inapangwa kwa hicho. Aandike tu kwamba kimetengenezwa Marekani kwa chuma cha Japani. Hapo yuko salama. Leatherman, kampuni ya Marekani ya koleo za mfukoni zenye visu, walishtakiwa California kwa sababu ya vipuri vya nje, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba walipotosha wanunuzi.

Halafu kisu kilichotengenezwa Marekani hakilazimiki kuandikwa nchi kabisa. Kinacholazimika ni cha kuagizwa: forodha ya Marekani inataka jina la nchi lichongwe au kugongwa kwenye chuma, stika haitoshi. Kwa hiyo ukikuta chapa ya "China" imesuguliwa kwa tupa, usinunue.