Maswali Yenu: Pete ya Chuma ya Wahandisi wa Kanada

Eti pete hizi, wanazovishwa wahandisi wa Kanada wakimaliza chuo na kula kiapo, zilifuliwa kwa mabaki ya daraja la Quebec lililoanguka?

Hapana. Swali hili halichoki kuja, nami nimechoka kulijibu. Zile za mwanzo za Toronto zilitengenezwa na askari majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza. Ila mnaoshikilia uzushi huu mnaacha kisa chenyewe, nacho kinatisha zaidi. Daraja lilirefushwa kutoka mita 488 hadi 549 kati ya nguzo kuu, na uzito wake haukupigiwa hesabu upya ipasavyo. Vyuma vikaanza kupinda mbele ya macho ya watu. Tarehe 29 Agosti 1907 mhandisi mshauri, Theodore Cooper, aliyekuwa New York, alipiga simu ya maandishi kwa kiwanda kilichotengeneza vyuma vya daraja kwamba mzigo usiongezwe. Kazini hakuna aliyesimamisha kitu. Jioni ileile daraja likaanguka, wakafa watu 75. Mwaka 1916 kipande cha kati nacho kikadondoka kikipandishwa, wakafa wengine 13. Katika ajali ya 1907 chuma hakikuwa na kosa. Kosa ni la waliokadiria badala ya kukokotoa.

Inavaliwa mkono gani?

Ule unaoandikia, kidole cha mwisho.

Nani aliianzisha?

Profesa Haultain wa Toronto alitoa wazo mwaka 1922 mbele ya chama cha wahandisi huko Montreal, chama kilichoundwa 1887. Marais wastaafu saba wa chama hicho wakalibeba, na maneno ya kiapo akaombwa mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Walioapa kwanza waliapa Montreal, mwaka 1925.

Nimemaliza chuo huku Ontario na nimevishwa pete. Naweza kuandika P.Eng., yaani mhandisi mwenye leseni, kwenye kadi yangu?

Usithubutu. Pete si leseni. Leseni hutolewa na mamlaka ya jimbo baada ya uzoefu wa kazi na mtihani, na wanaojipachika cheo hushtakiwa. Wala usidhani ukirudi Tanzania utapeta: Bodi ya Usajili wa Wahandisi itataka vyeti vyako, na kidole chako hawatakiangalia. Mtu akikuletea ramani uigongee muhuri kwa sababu tu una pete, mrudishie.

Wanaziuza mtandaoni, ninunue?

Kama unataka pambo, nunua.