Kabla hujaandika "mnara umelegea"

Ripoti za vijana wetu wapya zinafanana siku hizi: grafu nzuri, mstari mwekundu, na chini yake hukumu kwamba mnara wa mtambo wa umeme wa upepo umelegea. Nafungua data nitafute mwendo wa rota (mapanga na kitovu chake), uelekeo wa naseli (chumba cha mitambo kileleni mwa mnara, kinachogeuka kuufuata upepo), joto la chuma. Hamna. Wadogo zangu, nawapenda na kazi zenu nazisoma zote mpaka mwisho, lakini hili limenichosha. Mtetemo peke yake unakwambia mnara umetikisika, basi. Kama ni mzima au mgonjwa utajua ukishajua mtambo ulikuwa unafanya nini dakika ile.

1. Mjue rota inapiga wapi. Rota ikizunguka mara 12 kwa dakika, hiyo ni hezi 0.2, yaani mara 0.2 kwa sekunde, na mapanga matatu yakipita mbele ya mnara yanapiga hezi 0.6. Minara mingi mikubwa husanifiwa ili masafa yake ya kwanza, yaani idadi ya mara mnara unavyoyumba wenyewe kwa sekunde ukisukumwa, yakae kati ya hizo mbili. Ukiona kilele kwenye grafu ya masafa kinahamahama upepo ukibadilika, kigawe kwanza kwa mwendo wa rota. Kikibaki namba kamili ile ile kila mara, hiyo ni rota.

2. Saa. Fundi anaandika daftarini, "saa mbili asubuhi tumekaza bolti." Kompyuta ya ofisini inasema 08:00. Kifaa cha kurekodi kule mnarani kinafuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kinasema 05:00. Wote wako sahihi. Nimemwona kijana makini kabisa akitafuta athari ya kukaza bolti kwenye data ya 02:00, upepo umelala na rota imesimama, akahitimisha kuwa kukaza hakukusaidia kitu. Hakuwa mvivu, hakuna aliyemwambia tu. Sasa mmeambiwa.

3. Uelekeo wa naseli. Hapa nitakaa, maana palituuma.

Tulikuwa na mtambo mdogo wa mafunzo ufukweni, upande wa Kigamboni. Juu ya mnara tulibana sensa mbili, vifaa vya kupima mtetemo, kwenye chuma, moja ikitazama kusini-mashariki, nyingine kaskazini-mashariki. Ilikuwa Juni, kusi inavuma. Tukakusanya data msimu mzima, tukasema hii ndiyo afya ya mnara wetu. Sensa ya kusini-mashariki ilionyesha mtetemo unaozimika upesi, kama inavyotakiwa: mnara ukiyumba mbele na nyuma, upepo unaokutana na mapanga unauzuia. Tukaweka kikomo cha tahadhari kwa kufuata hapo.

Desemba kaskazi ikashika. Sensa ile ile ikaanza kutuletea mtetemo usiotaka kuzimika. Tahadhari zikamiminika kwenye simu usiku na mchana. Mimi na wenzangu tulikaa mbele ya grafu ile tukaona bolti za msingi zimelegea, na hatukutaka kuona kingine. Mtambo ukasimamishwa. Mafundi wakavuka na pantoni wakiwa na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, wakapitia bolti moja baada ya nyingine juani. Kila nati ina mstari wa rangi uliochorwa kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba lililo chini yake; nati ikisogea, mstari unakatika. Hakuna hata mmoja uliokatika. Tukawaambia warudie. Wakarudia zote.

Kilichokuwa kimebadilika ni upepo. Kusi huku kwetu hutoka kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Naseli iligeuka karibu nyuzi 90 kuufuata upepo, sensa zikabaki zilipo kwa sababu zimefungwa mnarani. Iliyokuwa ikipima mbele na nyuma sasa ilikuwa inapima ubavuni, na ubavuni mapanga hayasaidii sana kuzima mtetemo. Mnara ulikuwa mzima. Uelekeo wa naseli ulikuwemo kwenye kompyuta ya mtambo muda wote, faili la jirani, na hakuna kati yetu aliyelifungua.

Hasara ya siku za kusimamisha mtambo tuliweza kuifidia. Kilichouma zaidi kilikuja baadaye. Mwenye mtambo alichoshwa na tahadhari zetu, akaagiza kikomo kipandishwe, nasi tukakipandisha. Masika yaliyofuata bolti zililegea kweli, na aliyegundua ni fundi aliyepitisha kidole kwenye nati akakuta mstari umekatika. Sensa hazikutoa tahadhari yoyote. Mtambo wetu ulikuwa mmoja, na fundi alikuwepo. Pale Ziwa Turkana, kwa majirani zetu Kenya, mitambo iko 365. Nani atapitisha kidole kwenye kila nati?

Kwa hiyo zungusheni kwanza data za sensa mbili kwa hesabu zifuate naseli, ndipo mlinganishe mbele-nyuma kwa mbele-nyuma na ubavu kwa ubavu. Na msiite kitu "hali ya kawaida" kabla hakijapita kusi na kaskazi.

4. Joto. Chuma hutanuka sehemu kama 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ubavu unaopigwa na jua ukipanda nyuzi 10, gauji (kifaa kinachopima chuma kinavyonyooka) isiyo na fidia ya joto itakuonyesha sehemu 120 katika milioni wakati upepo haujagusa kitu.

5. Uchovu wa chuma, yaani kudhoofika kwake kwa kukazwa na kulegezwa mara nyingi, haupimwi kwa wastani wa dakika 10 wa SCADA, mfumo wa kompyuta unaosimamia mtambo. Wastani unafuta vilele, na vilele ndivyo vinavyoua. Kwenye viungo vya kuchomelea, mkazo unaopanda na kushuka ukiwa mara mbili, umri unapungua takriban mara nane.

6. Nendeni mnarani. Chumvi ya bahari inakula viunganishi vya nyaya, na kiunganishi chenye kutu ya kijani hutoa kelele ambayo kwenye grafu utaapa ni mtetemo. Kwa tochi unaiona mara moja. Wakati mafundi wanafungua kifuniko, waulizeni wao wamesikia au wameona nini, kabla hamjawaonyesha grafu zenu. Safari ijayo kuna nafasi mbili kwenye gari. Anayetaka aniambie kabla ya Ijumaa, na aje na viatu vya kazi.