Piga snapushoti kwanza, ndipo uharibu utakavyo

Ukitaka kuijua Linux, usianze kwa kuifuta Windows. Tengeneza mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako, uiwekee mfumo unaoutaka, kisha uuchezee mpaka uuzoee. Ndivyo nilivyojifunza Debian na Fedora, ambazo ni aina za Linux, na baadaye FreeBSD, mfumo mwingine unaofanana nayo, huku mafaili yangu ya kazi yakiwa salama nje ya mchezo.

Kwa anayetumia Windows, programu ya mashine pepe ya VirtualBox inatosha na ni ya bure. Aliye tayari kwenye Linux ana KVM, uwezo wa kuendesha mashine pepe uliomo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) tangu 2007. Mimi nimehamia huko, naiendesha kwa virt-manager, programu ya madirisha ya kuisimamia, na naiona nyepesi. Wenye Mac za chipu ya M1 na kuendelea watumie programu ya UTM na wapakue matoleo ya ARM, yaani ya aina ya prosesa zilizomo kwenye Mac hizo, maana mfumo uliotengenezewa prosesa za Intel utalazimika kuigizwa, na utakwenda kwa kusuasua.

Mashine ikikataa kabisa kuwaka, angalia BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, kabla ya kulaumu programu. Huko kuna kipengele cha kuruhusu mashine pepe kinachoitwa VT-x kwenye prosesa za Intel, au SVM kwenye za AMD, na baadhi ya kompyuta hutoka kiwandani kikiwa kimezimwa. Kiwashe, hifadhi, jaribu tena.

Kwenye RAM, usivuke nusu ya uliyo nayo. Kompyuta ya GB 8 impe mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) GB 4, zinazobaki ni za mwenyeji (kompyuta yako halisi). Ukimnyima mwenyeji, wote wawili watagota. Windows 11 inadai GB 4 za RAM, diski ya GB 64 na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na VirtualBox imeweza kuiigiza TPM hiyo tangu toleo la 7. Diski chagua ile inayokua kadiri unavyoijaza, ila ujue kwamba ukifuta vitu ndani yake, faili lake huku nje halisinyai lenyewe. Mtandao uache kwenye NAT, ambapo mgeni hupita kwenye mtandao wa mwenyeji.

Sasa tuje kwenye snapushoti, yaani hali ya mashine iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia, ambayo kwangu ndiyo sababu kuu ya kutumia mashine pepe. Ukishamaliza kusakinisha, sasisha kila kitu, weka programu za ziada za mgeni ili skrini ijipange na uweze kunakili maandishi kati ya pande mbili. Zima mashine. Piga snapushoti, ipe jina linaloeleweka, mfano "safi, imesasishwa". Baada ya hapo una ruhusa ya kuharibu. Fungua /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa mfumo unapowaka, badilisha herufi moja kwenye UUID (kitambulisho) ya diski, uwashe upya uone mashine inavyokwama na kukutupa kwenye skrini nyeusi ya dharura. Usikimbilie kurudisha snapushoti. Soma ujumbe wa kosa, tumia amri ya journalctl -xb inayoonyesha kumbukumbu za mfumo tangu ulipowaka, tafuta mstari ulioharibika, urekebishe. Ukishindwa kabisa, ndipo urudi nyuma. Elimu ya namna hii huipati kwa kutazama video, na kwenye kompyuta yako ya kila siku usingethubutu.

Lakini snapushoti si nakala rudufu! Inategemea faili la diski lilelile. Likipotea, nayo imekwenda. Na usizirundike, kwani kila moja inakula nafasi.

Ukiamua kupima mafaili unayoyatilia shaka, zima folda za pamoja na kunakili kati ya pande mbili, na mtandao uukate kabisa. Huo ni mlango, usiuache wazi.

Kisha ufanyie mfumo kazi zako halisi. Andika barua, chapisha kurasa, fungua jedwali lenye fomula nzito, hudhuria kikao cha video. Mazingira ya kupendeza yanavutia siku ya kwanza tu. Kinachokufanya ubaki ni kama kazi zako zinakwenda.

Kuna jambo moja ambalo mashine pepe haiwezi kukujibu: vifaa vyako. Mgeni anaona kadi za kuigizwa, haoni kadi yako ya Wi-Fi. Kwa hiyo kabla ya kusakinisha moja kwa moja, weka mfumo huo kwenye flashi, uwashe kompyuta kutoka hapo bila kusakinisha chochote. Unganisha Wi-Fi, cheza sauti, funga kifuniko cha laptopu dakika chache, ukifungue uone kama inaamka na mtandao unarudi.