Mhuri wa mhandisi haubebi ghorofa

Swali: Nina nyumba ya ghorofa moja Ilala, imejengwa miaka ya 1970. Nataka kuvunja ukuta wa chini ili fremu mbili ziwe duka moja, kisha nipandishe ghorofa jingine. Fundi wangu ana uzoefu wa miaka 20, anasema ataweka bimu nzito. Mhandisi nimhitaji kweli, au nitafute tu mhuri wake nipate kibali?

Jibu: Ndugu, anayekugongea mhuri bila kukanyaga kwenye jengo amekuuzia wino.

Hiyo bimu nzito itakaa juu ya nini? Mzigo uliokuwa umetawanyika kwenye ukuta mzima sasa utashukia ncha mbili, na chini yake huenda kuna msingi wa ukuta tu, usiowekewa nguzo. Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ya unene wa sentimita 15 ina takriban kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Ya mita 8 kwa 10 ni karibu tani 29, hujaweka kuta, bidhaa wala watu. Fundi anajua kusuka nondo na kufunga mbao za zege. Udongo wako unahimili kiasi gani, hilo si la kukisia kwa macho, hata ya miaka 20.

Mhandisi wa miundo achimbe pembeni mwa msingi aone kina na upana wake, apime zege la nguzo, akague nondo na kutu yake, ndipo apige hesabu. Inawezekana jibu likawa "usipandishe". Mbunifu anachora, mkadiriaji anakupa gharama, halmashauri inatoa kibali na kukagua. Kazi aifanye mkandarasi aliyesajiliwa, fundi wako akiwa chini yake.

Mirunda, nguzo za muda za kushikilia ghorofa, isimame pande zote mbili za ukuta kabla ya tofali la kwanza kutoka, na isiondolewe siku ya tano kwa kuwa "zege limekauka". Zege hukomaa, na nguvu yake kwa kawaida hupimwa siku ya 28. Mhandisi ndiye aseme lini.

Wapangaji je? Wenye majengo wengi mjini huwaacha wauze huku nyundo zinagonga, kodi isikatike. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 lilikuwa na wafanyabiashara ndani. Kuwatoa ni jukumu lako wewe mwenye nyumba, na kodi ya miezi hiyo iingize kwenye bajeti tangu mwanzo.