Neno la Kiingereza halitembei peke yake

Wadogo zangu mnaojiandaa kuingia kidato cha tano, hasa nyie mliochaguliwa michepuo ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), naomba niwaambie mapema jambo ambalo mimi nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Nilifika shuleni na kamusi ndogo na nia kubwa. Kila siku wakati wa prepu nilinakili maneno mapya ishirini, maana ya Kiswahili pembeni, nikapiga msuli mpaka taa za bweni zinazimwa. Mwezi haujaisha, daftari likajaa. Kisha likaja swali la historia lililoanza na "Account for". "Account" ilikuwamo kwenye daftari langu: akaunti, hesabu, maelezo. Basi nikaeleza tukio zima kurasa nne, toka mwanzo hadi mwisho. Kumbe swali lilitaka sababu. Mwalimu aliandika "WHY?" kwa wino mwekundu na kunipa alama nne kati ya ishirini. Neno nilikuwa nalo, swali sikulielewa.

Kwa hiyo msianze na kamusi. Anzeni na karatasi za mitihani ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ya miaka iliyopita, mkusanye maneno yanayoamrisha: examine, assess, justify, distinguish. "Justify" inakutaka ulete hoja za kuitetea kauli uliyopewa. "Assess" inakutaka upime uzito, useme jambo limefaa wapi na limeshindwa wapi. Ni maneno machache, wiki mbili zinayatosha, na yapo katika karibu kila somo la sanaa.

Baada ya hapo, jifunzeni neno pamoja na wenzake. Hili mnalijua tayari kwa Kiswahili, ila hamjawahi kulitazama. Sisi tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga deki. Mgeni akikwambia "nimefanya pasi shati langu" utamwelewa, lakini utajua ni mgeni. Nasi tunafanya vivyo hivyo kwa Kiingereza. Tunaandika "big rain" kwa sababu kwetu mvua ni kubwa, ilhali kwao mvua ni nzito: "heavy rain". Uhalifu kwao ni "commit a crime", tishio ni "pose a threat", eneo lenye watu wengi ni "densely populated". Kitabu chako cha jiografia kimejaa maneno ya namna hii, na wengi hukisoma kutafuta pointi tu. Ukikutana na "densely populated", usiandike "densely" peke yake. Andika yote mawili, tena na sentensi nzima uliyoyakuta ndani yake.

Halafu fuateni ukoo wa neno. Kutoka zaa tunapata mzazi, kizazi, uzazi, mzaliwa. Kiingereza nacho kina koo zake: produce, product, production, productive, unproductive. Mwaka 2000 mtafiti Averil Coxhead alichapisha orodha ya maneno yanayojirudia katika maandiko ya kitaaluma ya fani mbalimbali. Ina koo 570 tu. Mwanafunzi anayesoma koo sita kwa wiki anaimaliza ndani ya miaka miwili, yaani kidato cha tano na cha sita. Mimi ningeipata orodha hii mapema, nisingehangaika na kamusi kuanzia A.

Kuhusu kusahau, dawa iliyonisaidia ni boksi la viatu. Mbinu hii ilienezwa na Mjerumani Sebastian Leitner miaka ya 1970. Kata manila vipande vidogo. Upande mmoja andika sentensi ya Kiingereza yenye pengo mahali pa neno, upande wa pili neno lenyewe. Gawa boksi vyumba vitatu. Chumba cha kwanza unakipitia kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu Jumapili. Ukipatia, kadi inasonga mbele. Ukikosea, hata ikiwa ilishafika cha tatu, inarudi cha kwanza. Inauma, lakini kadi zinazorudi ndizo zilizokuwa zikikuangusha kwenye mtihani bila wewe kujua. Wenye simu nyumbani wana programu zinazofanya kazi hii. Bwenini, boksi linatosha kabisa.

Msitafute maneno makubwa ili mwalimu ashangae. Niliwahi kuandika "The bus commenced from Moshi" nikijiona nimepanda ngazi. Basi haliwi "commenced", ni "left" tu. Neno rahisi lililokaa mahali pake linapata alama kuliko neno zito lililopachikwa.

Na kila Jumapili, ukishapitia chumba cha tatu, chukua kadi tano uandike aya moja inayohusu somo lako, si hadithi ya likizo. Jumatatu mpelekee mwalimu wa Kiingereza kwa adabu, umwombe kitu kimoja tu: azungushie kalamu kila mahali ambapo neno limewekwa na mwenzake asiye wake. Hayo aliyoyazungushia ndiyo kadi zako za wiki hiyo.