Mwenye Shamba Yuko Wapi?

SWALI: Mimi na mume wangu tunalima korosho wilayani Newala. Ninapalilia, ninaokota, ninatenganisha korosho na mabibo, kisha ninaanika na kuchambua. Hata hivyo, viongozi wa chama chetu cha msingi cha ushirika wakinikuta shambani huuliza, "Mwenye shamba yuko wapi?" Mume wangu naye husema mbele za watu kwamba mimi namsaidia tu. Nikilalamika naambiwa hayo ni maneno, tena ndiyo mila yetu. Je, ninakuza mambo?
Msomaji, Newala

JIBU: Dada yetu, hukuzi mambo hata kidogo. Anayesaidia ni yule ambaye akiondoka kazi inaendelea. Wewe ukiacha kuokota katikati ya msimu, korosho zitabaki chini ya mikorosho mpaka ziharibike. Kauli hiyo inaumiza kwa sababu haiishii barazani: anayeitwa msaidizi haandikwi katika daftari la wakulima, asiyeandikwa haulizwi kuhusu bei, na fedha za mnada hulipwa kwa yule aliyetajwa kuwa ndiye mwenye shamba.

Ndugu ya kauli hiyo ni ile ya "mke wangu hafanyi kazi, yupo nyumbani tu", ambayo ilikwisha kupata jibu mahakamani. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani anazofanya mke ni mchango unaohesabiwa wakati wa kugawana mali ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ikiwa kupika na kulea ni mchango, sembuse kuinama juani kutwa ukiokota korosho? Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi.

Wanaotaja mila wakumbuke kwamba Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa jadi walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Kumfanya mwanamke mgeni shambani wasiwasingizie mababu wa kusini.

Wanawake wa pwani yetu wamezoea kujibu kwa maandishi ya kanga, nami naiheshimu sana njia hiyo, lakini kanga humwachia mlengwa nafasi ya kujifanya hakuelewa, na katibu hawezi kuandika fumbo katika muhtasari wa kikao. Jibu waziwazi: "Wenye shamba ni mimi na mume wangu, niulize mimi." Mumeo zungumza naye kwanza faraghani, umwombe aseme "tunalima". Akirudia kauli yake mkutanoni, msahihishe palepale kwa adabu, kwa kuwa ndipo majina yanapoandikwa. Kisha, kabla ya minada ya Oktoba kuanza, nendeni wote wawili kwa katibu mkaombe jina lako liandikwe kuwa mkulima, pamoja na la mumeo.